Jirani Aligonga Mabati

Wiki jana nilipitia maktaba ya mtaa hapa Kamenu, karibu na kazini kwangu, kuchukua riwaya niliyokuwa nimeiwekesha. Nikaikuta kwa mama mmoja wa Kiandutu, mtaa wa nyumba za mabati, ameikumbatia kama mtoto anayengoja sindano.

"Niongezee wiki moja tu," alimbembeleza dada wa kaunta.

"Mama, kuna mtu anaingoja."

"Wacha nikuambie. Jioni mimi husomea watoto kwa sauti. Sasa kuna jirani yangu, tulikosana mwaka jana juu ya kamba ya nguo, hata hatusalimiani. Juzi nafunga kitabu, nikasikia anagonga mabati yanayotutenganisha: 'Wee, usiachie hapo! Huyo msichana aliolewa ama hakuolewa?'"

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia angoje kesho. Asubuhi akanisalimia, tena yeye wa kwanza. Nikirudisha hii leo, tutaongea nini?"

Dada wa kaunta akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, naye akapiga muhuri.

Viongozi wakitaka kutupatanisha hukodi mahema, viti na spika kubwa kubwa. Kumbe kitabu cha kuazima na ukuta mwembamba vinaweza kufanya kazi hiyo bila hotuba.

Nilirudi kwangu Ruiru mikono mitupu. Tunaishi kwenye fleti nzuri ya mawe, na jirani wa mlango wa pili simjui hata jina. Jioni hiyo nilisoma gazeti kwa sauti, nikanyamaza katikati ya habari, nikasikiliza. Hakuna aliyegonga.