Mgonjwa wa Ulaya Katika Chumba cha Makongeni

Julai ilipoingia Makongeni, chumba chetu kilinuka sufu mbichi. Sweta za shule hazikukauka nje kwa ajili ya ukungu, kwa hiyo mama alizitundika kwenye kamba juu ya jiko, zikatoa mvuke na kutudondoshea maji vichwani. Chini ya sweta hizo ndipo dada yangu Mwende alipojifunza fasihi ya Ulaya. Alikuwa kidato cha sita, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na mtihani ulikuwa Novemba. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kila alipomaliza sura alinisimulia kwa Kiswahili huku tukichambua mchele. "Nikikuelewesha wewe," alisema, "mtihani hautanishinda." Hivyo niliwajua mabwana waliopigana kwa bastola kwa sababu ya tusi dogo, na mabibi waliosafiri kwenye theluji, ambayo Mwende alinieleza kuwa ni kama barafu ya friji ya bucha, iliyosagwa ikamwagwa mji mzima.

Riwaya ya mwisho ilihusu bibi mmoja mrembo aliyekuwa akikohoa. Jioni homa ilimpanda, mashavu yakaiva, naye akazidi kukonda na kupendeza. Siku moja alitema damu kwenye kitambaa cheupe, akakificha.

"Dada," nikasema, "huyo anaugua kama wewe."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Nyamaza, we kiherehere! Huyo ni Mzungu. Mimi ni baridi tu."

"Na mwisho wake?"

"Alipona. Akaolewa na karani wa reli, wakahamia Voi."

Nilicheka, lakini sikuamini, nikamwambia mama kwamba dada anatema damu. Mama alimkalisha Mwende kitandani akamuuliza, naye hakukana. "Mama, nikilazwa sasa watanishika miezi," alisema. "Na mtihani? Acha niufanye kwanza, halafu nitakwenda mwenyewe." Mama alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba binti yake ataingia chuo kikuu. Akakubali kungoja. Alimchemshia tangawizi, akampaka dawa ya kifua, akamfunga leso mbili. Septemba Mwende alianguka mstarini shuleni. Hospitalini walisema kifua kikuu kilikuwa kimeshakula mapafu yote mawili. Novemba haikumkuta.

Miaka kadhaa baadaye niliisoma riwaya ile mwenyewe. Bibi yule anakufa, juu ya mito myeupe, nywele zimetandazwa, mpenzi wake amepiga magoti.

Leo ninafundisha fasihi, hapa hapa Eastlands. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwenye zahanati iliyo karibu na shule, na mwanafunzi wangu mmoja alizimeza hadi akapona, akafanya mtihani wake pamoja na wenzake. Mimi huwaambia wanafunzi wasiviogope vitabu vya mbali. Wavisome polepole, waupende uzuri wake bila aibu, kisha waulize mwandishi ameacha nini nje. Tukifika kwenye kifo cha bibi yule, wapo wanaolia. Ndipo ninapowauliza: shuka zake zilifuliwa na nani? Kitabu hakisemi. Kwetu, za Mwende alizifua mama, bombani, mbele ya watu, akizisugua mpaka vidole vikachubuka. Jioni tulizitandika tena tukalalia zizo hizo, maana hatukuwa na nyingine.