Upande wa Ukutani

Fundi wa umeme aliyekuja kutuwekea taa za kuzamishwa darini chumbani hakuanza kwa kupima. Alivua viatu, akatandaza gazeti juu ya godoro, akajilaza chali, akitafuta mahali ambapo mwanga hautamchoma macho mtu aliyelala. Kila alipotoboa tundu alishuka ngazini akajilaza tena, na kila mara alijibana ukingoni, mikono yenye vumbi kifuani, upande wa ukutani akauacha mtupu.

"Fundi, kitanda chote hicho, mbona umejibana kama mgeni?" mke wangu akamtania.

"Mazoea, shemeji. Mwenzangu hulala ukutani." Akacheka kidogo. "Siku hizi yuko kwao. Alichoshwa na taa yangu, balbu moja katikati, inapiga usoni. Mganga hajigangi."

Jioni akaziwasha. Akazungusha swichi taratibu, mwanga ukashuka kama kope za mtu anayesinzia. Akarudi kujilaza pale pale ukingoni, akageuza uso ukutani.

"Hapo je, bado inakuumiza?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mke wangu alifungua mdomo ajibu. Nikamshika mkono.