Linki ya Dada Redio

Fundi alizaliwa na hasira zake na hakuwahi kuziombea radhi. Wateja walizijua, majirani wa karakana walizijua, na mumewe, dereva wa lori, alikuwa na utani kwamba anachagua mizigo ya mbali makusudi. Ukimwudhi kwa jambo dogo atanung'unika, kisha yataisha. Lakini ukimgusa kwenye kazi yake, utakiona cha mtema kuni.

Kazi yenyewe ilikuwa kushona ndara za ngozi kwa watu ambao miguu yao haikai kwenye viatu vya dukani. Miguu mipana, miguu iliyovunjika ikaungwa vibaya, na zaidi ya yote miguu ya wagonjwa wa sukari, ambao lengelenge likiwatoka leo, mwezi ujao wanazungumza na daktari habari za kukatwa kidole. Mama yake mzazi aliingia kwenye kiatu cha zawadi, akatoka bila kidole gumba. Tangu siku ile Fundi alijiapiza kwamba hakuna mguu utakaoumia ndani ya kitu kilichopita mikononi mwake.

Wateja wengi walimpata mtandaoni, hawajawahi kuonana naye uso kwa uso. Ndiyo maana alikuwa na sharti lake. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa kazi za mchana, mteja akanyage karatasi kwenye sakafu ngumu. Mtu mwingine amzungushie kalamu ya risasi, isimame wima, mguu mmoja kisha wa pili. Halafu kiberiti kiwekwe kando ya mchoro, picha ipigwe kutoka juu. Kwa kiberiti kile Fundi aliujua ukubwa halisi. Hakuna mchoro, hakuna ndara, hata uwe nani.

Sharti hilo liliwachosha watu, na biashara ikawa inatambaa. Jirani yake, muuza mapazia wa mtandaoni, hakuvumilia kuliona.

"Shoga, wewe unajua kushona, kuuza hujui," alimwambia. "Tafuta watu wakuuzie. Kila mmoja mpe linki yake. Mteja akiingia kwa linki hiyo akanunua, mtandao unajua kaletwa na nani, na aliyemleta anapata kamisheni. Mimi nimelala, mapazia yanauzwa."

Fundi akaona hilo ni jambo la akili. Akaandika masharti ya mawakala kwa mkono wake mwenyewe, mafupi ili wasiogope: jiunge, pewa linki, leta oda, oda ikilipiwa unapata chako. Kuhusu kupima miguu aliandika mstari mmoja mwishoni, kwamba mteja atume mchoro kama kawaida. Kawaida hiyo aliijua yeye tu.

Wa kwanza kujiunga alikuwa dada yake mkubwa. Tangu utotoni walimwita Redio kwa sababu ukishaiwasha haizimiki. Redio alikuwa msusi mwenye saluni yake, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu zake: mtu aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia. Atasikiliza habari za ndara mpaka mwisho, na mwisho atanunua.

Oda zikaanza kumiminika. Mawakala wengine walileta moja moja, Redio alileta kwa mafungu, michoro yake safi, kiberiti mahali pake. Fundi akamsifu kwenye kundi la mawakala, akaandika, "Igeni mfano wa dada yangu!" Akanunua ngozi nyingi kuliko alivyowahi kununua, akakata na kushona mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Zamani kila mchoro ulipofika aliukalia kwanza, akiuliza uzito wa mtu huyu unaangukia wapi, kisigino kinalalia upande gani. Sasa hakuwa na nafasi hiyo. Alifuata mstari, akakata, akachukua mwingine.

Kisha ikaja picha kutoka kwa binti wa mwalimu mmoja mstaafu, mteja aliyeletwa na Redio. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kilikuwa kimechunika, kimevimba, kimeanza kuwa cheusi pembeni. Chini yake maneno machache: "Hii ni kazi ya ndara zako. Mama ana sukari."

Fundi alikaa chini kwenye vipande vya ngozi. Halafu akainuka akautafuta mchoro wa Mwalimu kwenye rundo, akautandaza mezani, na kwa mara ya kwanza akautazama. Kidole cha pili kilikuwa kimeliacha gumba na kwenda kulalia cha tatu. Kwa kuufuata mstari huo bila kufikiri, yeye mwenyewe alikuwa ameusogeza ukanda mbele kidogo, upite pale ambapo kidole kama hicho hakifiki. Kwa mguu wenye vidole vilivyonyooka, kama ule wa kwenye picha, ukanda huo ungepanda juu ya kidole na kukisaga kila hatua.

Kidole hicho alikifahamu. Kilikuwa cha marehemu baba yao. Yeye anacho, na Redio anacho.

Akavua kiatu akaukanyaga mchoro. Ulimzidi kidogo tu kisiginoni, kama viatu vya dada yake vilivyomzidi siku zote. Akachambua michoro mingine iliyotoka kwa Redio. Mteja huyu, kidole cha baba. Na huyu, kidole cha baba. Mpaka mwisho wa rundo, wateja wote ni ukoo mmoja! Fundi akaikunja ile michoro, akaibana kwapani, akatoka bila kufunga mlango.

Saluni alimkuta Redio akisuka, kinywa kikienda sambamba na vidole.

"Huu mguu wa nani?"

Redio akaitupia jicho karatasi. "Wa mteja. Si umeandikwa jina hapo?"

"Vua kiatu."

"Nivue kiatu mbele ya mteja wangu? Mdogo wangu, umepatwa na nini?"

"Vua kiatu, dada, kabla sijakuvua mwenyewe!"

"Mvulie tu, dada yangu," alisema mteja kwenye kiti, kashika kichwa chake upande usiosukwa. "Mvulie, nami niondoke salama."

Redio hakuvua. Alishusha kitana, akashika kiuno. "Haya, ni wangu. Kwani nini? Watu hawataki usumbufu wako. Sijui karatasi, sijui kiberiti, sijui ngoja jioni! Nikiwaambia hayo wanasema watanijibu kesho, na kesho yenyewe haifiki. Nawauliza namba ya kiatu, wakikaribiana na mimi nachora wangu, basi. Namba ni namba."

"Mwalimu ana sukari! Kidole kinaoza!"

Hapo Redio akapunguza sauti. "Sukari hakuniambia."

"Ungemshika mguu ungeona!"

"Usinifokee! Wewe ndiye uliyesema unalipa kila oda. Ulisema unalipa kila mguu? Ulivyokuwa unanisifu kule kwenye kundi, niigwe mfano, ulishawahi kuniuliza ninapimaje?"

Swali hilo lilimkasirisha Fundi kuliko uongo wenyewe. Alitoa simu palepale akaifunga linki ya dada yake, kisha akazifunga za mawakala wote, wema na wabaya. Akawaandikia wateja wote wa Redio wavue ndara zile leo hii, wasizivae tena. Redio naye akampigia mama yao, akamsemea, akamkabidhi Fundi simu.

"Dada yako huyo," mama alisema. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Msameheane."

"Mama, kidole chako kiko wapi?"

Fundi aliyajutia maneno hayo yalipokuwa bado mdomoni, lakini hakuyarudisha.

"Nenda kwa huyo mgonjwa," mama alisema. "Ninyi wawili mtanikuta nyumbani."

Sebule ya Mwalimu ilikuwa ndogo, imefagiliwa, na mguu wenye bandeji ulikuwa umelazwa juu ya stuli. Binti alimfungulia mlango bila kumkaribisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Fundi?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukupima mwenyewe, kwa mikono yangu. Huu unaouma tutausubiri upone, nianze na huu mzima. Nitakushonea nyingine, na gharama za hospitali ni juu yangu." Alikwisha piga magoti, katandaza karatasi sakafuni, kalamu mkononi.

Mwalimu alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na Fundi, aliyekuja amejiandaa kutukanwa, hakujua afanye nini na upole ule.

"Nilimwuliza yule dada yako," Mwalimu alisema. "Nikamwambia, mbona hunipimi? Akanijibu, mdogo wangu fundi kweli, akitajiwa namba tu anaujua mguu."

"Mimi sijawahi kusema hivyo! Hata siku moja!"

"Ulimpa jina lako akatembee nalo, mwanangu. Alilolisema yeye, mimi nimelisikia kwako."

"Nimeshamfukuza. Nimewafukuza wote."

"Sawa. Umefanya vizuri."

Fundi akanyoosha mkono kuushika mguu mzima. Mwalimu akauvuta taratibu, akauingiza chini ya kiti.

"Pole na safari," alisema. "Binti yangu atakusindikiza."

Mlangoni binti alisema daktari atawaona Jumatatu, ndipo itajulikana kama kidole kinabaki. Fundi akaomba aambiwe. Binti akasema hawezi kuahidi, akafunga mlango.