Hataza Niliyoipitisha

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya hataza, Dar es Salaam, nilipewa kiti kilicholegea mguu mmoja na faili la pampu ya kumwagilia bustani. Nilikuwa nimetoka Geita juzi yake tu, na kucha zangu bado zilikuwa na grisi ya mgodini. Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, mzee mwembamba aliyepiga pasi hadi leso, alinitazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye fundi uliyetoka machimboni?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Huko mlikuwa mnachimba. Hapa tunachuja."

Nililisoma faili lile kutwa nzima, nikaandika kwamba uvumbuzi ni mzuri sana na utawafaa wakulima. Alinirudishia karatasi ikiwa na mstari mwekundu kuanzia juu hadi chini. "Nani kakuuliza kama ni mzuri?" alisema. "Mimi nakuuliza kama ni mpya."

Nawaandikia ninyi mnaotaka kuingia kazi hii mkidhani ni ya kuwapongeza wavumbuzi. Hataza ni hati ya serikali inayompa mtu haki ya kuwazuia wengine wote wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, kwa miaka iliyowekwa na sheria. Kabla hajapewa, mkaguzi huuliza: kitu hiki ni kipya? Fundi wa kawaida asingekifikia kwa urahisi? Kinafaa kazini? Kiini cha maombi ni madai, yaani sentensi zinazoweka mpaka wa kile ambacho mwombaji anasema ni chake, na dai namba moja ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Mkaguzi hulibeba dai hilo akaenda kulitafuta duniani, kwenye majarida, kwenye katalogi za viwanda, kwenye hataza za nchi nyingine. Akikuta jambo hilohilo lilijulikana hadharani kabla ya tarehe ya maombi, anakataa. Lakini uthibitisho wake lazima uwe na tarehe. Karatasi isiyo na tarehe, Mkaguzi Mkuu alikuwa akituambia, ni ya kufungia karanga.

Niliiweza kazi hiyo, na niseme kweli, niliifanya kwa kiburi. Nilimkatalia mvuvi mmoja wa Nkome chanja yake ya kuanikia dagaa kwa sababu picha ya chanja kama ile ilikuwa kwenye kijitabu cha mafunzo ya uvuvi kilichochapwa miaka kadhaa nyuma. Alisafiri hadi ofisini akiwa amevaa koti la harusi.

"Mama, huyo mtu aliyesimama kando ya chanja ni mimi," aliniambia. "Walikuja mwaloni, pale tunaposhushia samaki, wakanipiga picha."

Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa: aliionyesha mwenyewe kabla ya kuomba, sasa si mpya tena. Wakati wa chai niliwasimulia wenzangu, tukacheka hadi tukamwaga chai. Leo nikikumbuka naona aibu.

Kwa kuwa nilitoka mgodini, mafaili yote ya mawasiliano ya mitambo yaliletwa mezani kwangu. Hapa inabidi nieleze kidogo. Katika mgodi mkubwa, mawe hutoka kwenye kinu cha kusaga yakapanda mkanda, yakaingia kinu kingine, yakapanda mkanda mwingine. Kila mashine ina kompyuta yake ndogo ya kuiongoza, na kila kompyuta ina saa yake ndani. Saa hizo zisipokubaliana, hata kwa kiasi kidogo ambacho mwanadamu hawezi kukihisi, mkanda mmoja utasimama kabla ya kinu kinachoulisha, na mawe yatafurika hadi juu ya reli. Kwa hiyo saa moja hufanywa kiongozi, nayo hutuma ujumbe kwa zingine kupitia waya. Ujumbe huchukua muda kufika. Ili kuujua muda huo, saa hupima safari ya kwenda na kurudi, kisha huigawa mara mbili.

Tatizo ni kwamba kwenda na kurudi havilingani kila mara. Ukipanda kutoka mwaloni Nkome na tenga la samaki kichwani, kisha ukashuka mikono mitupu, ukigawa safari nzima mara mbili hutapata muda wa kupanda wala wa kushuka. Waya nao una mizigo yake. Hapo ndipo wavumbuzi wengi wa dunia walipokuwa wakihangaika, kila mmoja na dawa yake, na mimi nilizisoma dawa hizo kwa miaka mingi.

Dawa moja niliijua kabla sijaisoma popote. Nilipokuwa mgodini, miaka sita, niliongozwa na fundi mkuu wa vyombo vya kupimia mitambo, tuliyemwita Baba Kulwa, kwa jina la mwanawe wa kwanza katika pacha. Alikuwa Msukuma wa darasa la saba aliyejisomea mwenyewe vitabu vya maelekezo ya mashine hadi vikachakaa. Yeye aliongeza waya wa pili ukazunguka kiwanda chote, akautuma ujumbe kwa kulia, kisha kwa kushoto, akalinganisha majibu, na kwa hesabu yake akajua ni upande gani unaochelewesha. Akaweka na taa ya njano. Saa iliyopoteza uhakika iliwasha taa hiyo yenyewe, na mashine zingine zikaacha kuifuata. "Saa isiyojua isijitie kujua," alikuwa akituambia. Hesabu zake aliziandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati la chuma, na kila Jumamosi mlango ulifutwa.

Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu wakati faili lilipokuja. Mwombaji alikuwa kampuni ya vifaa vya migodi, ambayo sitaitaja kwa sababu mawakili wake wana nguvu bado na mimi nina kisukari. Maombi yalikuwa yamezunguka nchi nyingine miaka mingi kabla ya kutufikia, kwa hiyo tarehe yake ya kuhesabiwa ilikuwa ya zamani, miaka michache tu baada ya mimi kuondoka Geita. Nililisoma dai namba moja nikiwa nimesimama. Waya wa pili wa mzunguko. Ujumbe pande mbili. Kiashiria cha kutokuwa na uhakika. Wahandisi wa kampuni hiyo waliwahi kukaa wiki mbili katika karakana yetu wakifunga vinu vipya, wakinywa chai ya Baba Kulwa na kumuuliza maswali, naye akiwajibu kwa furaha.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Kitengo, dada mwenye umri wa binti yangu na shahada tatu ukutani.

"Mkuu, hiki kitu nakijua. Nimekifanya kwa mikono yangu."

"Wapi, Mama Minza?"

"Mgodini, Geita."

"Ndani ya uzio?"

"Ndani."

"Mtu wa nje angeweza kuingia akakiona?"

"Hata sisi wa ndani tulipekuliwa hadi soksi."

"Basi hakikujulikana hadharani. Na wewe ni mkaguzi, si shahidi." Aliona uso wangu, akapunguza sauti. "Niletee kitu chenye tarehe, nitakisoma."

Nilimwomba ampe mtu mwingine faili hilo. Alisema hakuna mwingine anayelielewa, na hilo lilikuwa kweli.

Ndipo nilipokumbuka jineri. Baba Kulwa akiwa likizo alikuwa akienda Shinyanga kutengeneza mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba cha familia moja ya Kihindi, na huko nako aliweka waya wake wa pili. Jineri haina upekuzi wa soksi. Msimu wa pamba lango liko wazi, wakulima wanaingia na mizigo hadi kwenye mashine, wanauliza hiki ni nini na kile ni nini. Huko ndiko hadharani kwenyewe. Nilipiga simu. Mzee mwenye kiwanda alikuwa amefariki. Mwanawe, Kishor, alisema waya upo tangu yeye akiwa shule ya bweni, lakini mwaka hakuujua. "Marehemu baba hakuweka karatasi za mafundi," alisema. "Baba Kulwa alikuwa anakuja kama mtu wa nyumbani."

Nikapanda basi. Baba Kulwa alikuwa amestaafu, anaishi mbele ya Kolandoto na ng'ombe wake wachache. Mkewe ndiye aliyenipokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, Mama Minza," akanivutia kiti. Mzee alitoka zizini akifuta mikono.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba. Umenenepa. Ofisi inalisha."

Nilimsomea dai namba moja kwa Kiswahili. Mwanzoni alicheka, akampigia kelele mkewe aje asikie namna Wazungu walivyoipenda taa yake. Nilipofika mwisho hakuwa akicheka tena. Nikamweleza kwamba hataza ikipita, waya wake utakuwa mali yao hapa nchini, hata ule wa jineri, na kwamba yeye pekee ndiye anayeweza kuizuia. Nikatoa hati ya kiapo niliyokuwa nimeiandaa, imebaki nafasi ya mwaka tu.

"Andika mwaka ulioufunga ule waya jineri."

"Siujui."

"Jaribu kukumbuka."

Mama Kulwa akasema ulikuwa mwaka Doto, yule pacha wa pili, alipolazwa hospitali. Mzee akatikisa kichwa. "Doto alilazwa mara mbili." Wakanitajia tarehe zote mbili, nikapiga hesabu. Kulazwa kwa kwanza kulikuwa kabla ya tarehe ya kampuni. Kwa pili kulikuwa miezi mitano baada yake.

"Ni mara ya kwanza," nilisema. "Nakumbuka ulivyoaga kwenda Shinyanga, nilikuwa bado mgodini."

"Nilikwenda mara nyingi. Mara hiyo labda nilibadilisha mota tu."

"Andika mara ya kwanza, Baba Kulwa. Nani atakubishia?"

Alinirudishia kalamu. "Miaka sita umenibishia kila skrubu, leo unataka nidanganye kwenye karatasi ya serikali? Na kiapo, mwanangu, si kitu cha ofisini. Kinakufuata hadi nyumbani. Nikikosea, sitajua kitamwangukia nani humu ndani." Mkewe aliinamisha kichwa. "Andika ninachokijua. Niliufunga mimi, kwa mikono hii. Mwaka sijui."

Nilimsihi hadi ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Nilimkasirikia, ndiyo, nilimkasirikia mzee wa watu barazani kwake, nikamwambia uaminifu wake utawalisha wezi. Alichukua kalamu. Akasaini hati yenye neno "sikumbuki" mahali pa mwaka.

Mkuu wa Kitengo aliisoma mara mbili. "Huyu ni mtu mkweli," alisema, "lakini tarehe haipo." Alinieleza kwamba anayedai kunyang'anywa uvumbuzi anaweza kwenda mahakamani. Nilijua. Mlango huo ulitaka wakili, safari za Dar es Salaam, na karatasi zilezile ambazo Baba Kulwa hakuwa nazo. Nilirudi mezani kwangu. Nilitafuta wiki tatu zaidi katika kila jarida nililolijua, nikakosa. Kisha nikaandika taarifa kwamba dai namba moja ni jipya, na chini nikaweka jina langu lote na sahihi. Mkono haukutetemeka. Ningependa kuwaambia ulitetemeka.

Nilistaafu, nikapewa cheti chenye fremu na hotuba. Katika hotuba walisema nimelinda ubunifu wa Watanzania. Nilikula wali wao nikarudi zangu kwetu, Shinyanga. Watu huniuliza kama najivunia kazi yangu, nami huwajibu kwamba sheria niliifuata yote, herufi kwa herufi, na ndiyo maana silali vizuri. Mkaguzi mbovu angelikwamisha faili lile kwa bahati tu. Ilihitaji mkaguzi mzuri kulipitisha.

Msimu uliopita wa pamba Kishor alinipigia simu. Alikuwa amepata barua ya mawakili: aombe leseni ya kutumia mfumo wa kampuni au auondoe. Leseni hakuiweza, kwa hiyo alikuwa amemwita fundi aliyeufunga aje aufungue. Nilikwenda. Baba Kulwa alikuwa juu ya ngazi, miwani yake imefungwa kwa uzi, anafuata waya wa pili ukutani na kuung'oa, klipu moja baada ya nyingine, akiukunja vizuri kama mtu atakayeutumia tena. Mashine zilikuwa zimezimwa. Wakulima walikaa juu ya mizigo yao ya pamba wakimtazama. Kishor alikuwa amewaambia kwamba kuanzia kesho zitaendeshwa polepole zaidi, ili zisisongwe na pamba, na foleni itakuwa ndefu.

Nilimsalimia, akaitika. Nikasimama chini ya ngazi na yale niliyoyabeba siku zote yakanitoka.

"Baba Kulwa, ungeandika tu ule mwaka wa kwanza, tusingekuwa hapa."

Hakugeuka. Alimalizia klipu aliyokuwa nayo.

"Na wao," aliniuliza, "wale waliosema wamekivumbua. Uliwaapisha?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mwombaji haapishwi. Anajaza jina lake tu."

Alinyoosha mkono chini, akanipa bisibisi nimshikie, akahamia ukuta wa pili.