Boriti Iliyokaushwa Juu ya Moto wa Kogo

Rangi ya kukazia kitambaa cha mabawa ya ndege hunuka kama rangi ya kucha iliyomwagika, na mwaka ule, nikiwa darasa la sita, harufu hiyo ilijaa boma letu lote la Kiplombe. Ilichanganyika na vumbi la mahindi kutoka stoo iliyokuwa jirani na banda, ikapenya kwenye sare yangu ya shule, ikaingia hata kwenye chai. Msichana niliyeketi naye deski moja alisogea hadi ukingoni akaniuliza kama kwetu tunapaka ng'ombe kucha. Nilimjibu kwamba kwetu tunaunda ndege, na kwamba siku itakapopita juu ya paa la shule asithubutu kunipungia mkono. Sikuwa mtoto wa kunyamaza. Hata leo mimi si mtu wa kunyamaza, na sioni kwa nini ninyamaze: nimetoka boma lenye choo cha shimo na taa ya chemni, nikapata diploma ya ufundi wa ndege nikiwa wa kwanza katika darasa la wanaume ishirini na mimi mwanamke pekee, nikafanya kazi nchi za Ghuba miaka kumi na minne, nikarudi nikajenga nyumba ambayo watu wa hapa huitumia kuelekezana njia. Chanda chema huvikwa pete. Lakini msimu ninaoutamani kuliko yote niliyoyapata baadaye ni ule wa harufu ya kucha.

Baba alikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano. Wakati wa mavuno wakulima wa Moiben walimtafuta kama watu wanavyomtafuta daktari, na alikuwa na uwezo wa kusimama kando ya shamba, akafumba macho, akasema ni beringi gani inayokaribia kufa. Mkulima mmoja wa huko alikuwa ameagiza ndege ndogo ya kujiundia, ya watu wawili, iliyokuja vipande vipande: mabomba ya kiunzi, mbavu za mabawa zilizokatwa tayari, boriti za kubebea mabawa, injini ndogo na kitabu kinene cha maelezo. Mkulima akashindwa hata kumaliza kukisoma kitabu. Baba akabadilishana naye. Alitoa trekta yetu, akapokea masanduku. Mama alipoona trekta inaondoka na masanduku yanashuka, aliketi kwenye kizingiti cha jikoni na kumuuliza kama hayo masanduku yatalima. Baba alimwambia kwamba msimu wa kulima ulikuwa bado mbali, na kwamba kabla haujafika atakuwa amepaa, na mtu aliyepaa hakosi trekta. Majirani wakaanza kumwita Mzee Ndege. Wengine walipita kuuliza kama tumeshaanza kuuza tiketi.

Boriti ya bawa la kushoto ilivunjika njiani, ikiwa juu ya magunia kwenye lori, na hapo ndipo hadithi yetu inapoanza. Bawa la ndege ya namna hiyo lina boriti ndefu ya mbao inayolibeba toka shina hadi ncha, kama paa linavyobebwa na mti wa mwamba. Ikikatika angani, hakuna kingine cha kushikilia. Baba akaangusha mti wa saiprasi uliosimama mpakani mwa shamba, akaupasua mbao, akaupeleka kwa Fundi Njoroge, seremala aliyekuwa na karakana mtaa wa Huruma katikati ya vibanda vya mafundi wa jua kali. Njoroge alikuwa mtu wa mzaha, lakini kwenye mbao hakuwa na mzaha. Aliikagua, akainusa, akasema mti ni mzuri, ila uwekwe kivulini mwaka mzima, ncha zake zipakwe rangi, utoe maji polepole.

Baba akamwambia mwaka ni mrefu.

"Mzee, mbao si mahindi," Njoroge akasema. "Mahindi ukiyakosea unakula ugali mchungu. Hii ukiikosea, utaliwa wewe."

Tulirudi nyumbani na mbao yetu ikiwa mbichi. Ni Kogo, yaani bibi mzaa baba, aliyetoa dawa. Jikoni kwake kulikuwa na dari la fito, tunaloliita tabut, juu kabisa ya moto, na kila kitu cha boma letu kilikauka huko: mbegu za mahindi na za wimbi, mipini ya majembe, mikongojo, vijiti vya kusafishia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Moshi ulivipa rangi ya asali na wadudu hawakuvigusa. Kogo akasema kama tabut ilikausha mpini aliolimia miaka arobaini, itashindwaje na mbao ya mwanawe? Hakuna aliyembishia. Kwetu hilo lilikuwa jambo la wazi kama kuanika nguo juani. Boriti ikapandishwa, ikalala juu ya moto wiki tano, na iliposhushwa ilikuwa nyepesi, imenyooka, inang'aa. Baba aliibeba begani kuzunguka boma lote, akacheka peke yake. Akasema Njoroge ni fundi mzuri ila amezidi woga.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozikumbuka nikiwa nimelala. Dada na kaka zangu walikuwa shule za bweni, kwa hiyo kazi ilikuwa yetu wanne, na mimi nilikuwa na zamu kama mtu mzima. Nilikoroga gundi. Nilisoma kitabu cha maelezo kwa sauti nikitafsiri, maana Kiingereza changu kilikuwa kimempita Baba, naye alinisikiliza kama ninayesoma neno kanisani. Nilishika upande mmoja wa kila kitu ambacho yeye alishika upande wa pili. Mama, aliyeapa hatagusa kitu hicho, alivumilia hadi siku Baba alipojaribu kushona kitambaa kwenye mbavu. Aliziangalia zile nyuzi zilizokwenda upande kama ng'ombe waliokosa mchungaji, akamnyang'anya sindano. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona ubavu mmoja baada ya mwingine kwa mkono, fundo kila baada ya vidole vinne, nyuma na mbele, wiki saba, akiimba nyimbo za kanisani. Kogo aliketi mlangoni akisokota uzi kwa nta. Jioni tulipaka ile rangi, kitambaa kikajikaza, na ukikigonga kwa kidole kilitoa mlio wa ngoma. Usione vyaelea, vimeundwa, nasi tulikuwa tunaviunda kwa mikono yetu minane, na sidhani nimewahi tena kuwa mahali ambapo kila mtu alihitajiwa namna ile.

Mkaguzi aliyetumwa kutoka Nairobi alikuwa ameziona mbavu na boriti kabla hazijafunikwa, akasifu kazi. Angerudi Jumamosi kutoa ruhusa ya jaribio la kwanza. Baba alialika Kiplombe nzima. Mchungaji angeomba. Kondoo wawili walikuwa wamefungwa nyuma ya stoo, na shamba la jirani lilikuwa limefyekwa ndege ipate pa kukimbia kabla ya kupaa.

Ijumaa alasiri nilibaki bandani peke yangu nikifuta vumbi. Nilikuwa na kijiko cha chai mfukoni, sikumbuki kwa nini. Kwenye shina la bawa palikuwa na tundu dogo la kuingizia mkono wakati wa ukaguzi, nikaingiza mkono na kijiko, nikaanza kugonga boriti. Kogo alinifundisha hivyo kwenye vibuyu: kabla ya kutia maziwa unakigonga kibuyu kwa kucha kuanzia shingoni ukishuka, na kama kina ufa usioonekana, mlio hufa mahali pa ufa. Niligonga kwa mchezo tu. Boriti ililia vizuri, kavu, ikalia tena, kisha kwenye ubavu wa tatu sauti ikazama, kama mtu aliyegonga gunia. Nikarudia. Nikaenda bawa la kulia, lenye boriti iliyokuja na masanduku, nikagonga mahali palepale. Ililia safi.

Nilimwendea Kogo kwanza, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwendea mwingine. Alikuja na mkongojo wake, akanifanya nigonge, akaweka sikio kwenye kitambaa. Kumbukeni kwamba tabut ilikuwa yake, na wazo lilikuwa lake.

"Kibuyu kikilia hivi," akasema, "sitii maziwa."

Baba alikuwa uani akinoa kisu cha kuchinjia kondoo. Nilimwambia nikitazama miguu yake. Hakunikemea. Aliuliza swali moja tu.

"Umesikia, Chebet, ama umedhani?"

"Nimesikia."

Alikwenda bandani na kile kisu. Mama akatutangulia mlangoni, akasimama mbele ya bawa. Nilifikiri atamzuia, na moyoni niliomba amzuie. Akanitazama mimi, akalitazama lile bawa lake la wiki saba, akanyoosha mkono kwa Baba. "Usikate na hicho," akasema. "Nimeshona mimi, nitafungua mimi." Akaleta mkasi. Alikata fundo moja moja, bila kuimba, na kitambaa kilipofunuka tuliiona boriti ikiwa nzima, laini, rangi ya asali, bila hata mkwaruzo. Baba aliipapasa juu na chini. Aliiinamia kwa tochi. Hapakuwa na kitu. Nilitamani ardhi inimeze, kwa maana nilijua njia pekee iliyobaki ya kupata hakika ilikuwa msumeno, na boriti ikishakatwa, Jumamosi imekwisha, iwe nilisema kweli au nilisema upuuzi.

Mwanamume mzima, aliyetoa trekta yake, aliyechekwa tangu mavuno, aliyealika mchungaji, alikuwa na neno la mtoto wa miaka kumi na miwili upande mmoja na macho yake mwenyewe upande mwingine. Alichukua msumeno. Alikata pale nilipomwonyesha kwa kidole, polepole, akihesabu pumzi, na kipande kilipoanguka alikigeuza kwenye mwanga. Nje kulikuwa na ganda zuri lenye unene wa kidole. Ndani mbao ilikuwa imepasukapasuka kama sega la nyuki, nyufa ndefu kuliko kiganja. Moto ulikuwa umekausha ngozi haraka, na moyo wa mti ulipoanza kukauka haukuwa na nafasi ya kunywea. Kikulacho ki nguoni mwako. Baba akaketi juu ya ndoo ya rangi. Kogo akasema taratibu kwamba moto ni wake. Baba akamwambia, "Mama, moto ulikuwa wako, haraka ilikuwa yangu."

Jumamosi watu walikuja, wakala kondoo. Mmoja alisema ni ndege ya kwanza aliyoiona ikitoa nyama. Baba alicheka nao, akamchukua mkaguzi na Njoroge bandani, akawaonyesha kile kipande, akawaambia ni mimi niliyesikia. Njoroge alikigeuzageuza, kisha akanipa mkono kama anavyompa mwanamume mwenzake.

Saiprasi mpya iliwekwa kivulini, ncha zikapakwa rangi. Ilikuwa na mwaka wa kungoja, lakini mvua haikungoja mwaka. Msimu wa kulima ulifika tukiwa hatuna trekta, na ardhi isiyolimwa ni njaa. Baba aliibadilisha ile injini ndogo, akapata trekta chakavu iliyowaka kwa kusukumwa. Kiunzi kikabaki bandani, kuku wakalala humo. Hakuwahi kuniambia neno. Nilisubiri anilaumu hadi nikamaliza shule, nikasubiri hadi nikapanda ndege za watu kwenda kwa watu, na sikulisikia.

Leo nimeunda yangu. Niliiagiza Ulaya, ikaja katika makreti mawili, bati tupu, hakuna mti, kila tundu limetobolewa na mashine, kila ribiti ya kuungia bati imehesabiwa. Nilifanya kazi jioni na wikendi miaka mitatu kwenye gereji yangu yenye sakafu ya vigae, na kila baada ya saa hamsini za kuruka namwaga oili, nafungua plagi, nakagua kebo moja moja, wala hakuna mtu kati ya hapa na Kitale anayenishinda kwa kazi hiyo. Sihitaji mtu wa kunishikia upande wa pili. Nina klampu kumi na mbili za kubania. Kogo alikwenda zamani, na Mama alitangulia nikiwa Ghuba, kwa hiyo hata ningemhitaji mtu, ningemwita nani? Vijana wa mtaa hupita getini, hupiga picha, huenda zao.

Siku ya kwanza ya kumpakia abiria nilimchukua Baba kwa gari hadi kiwanja cha nyasi cha mkulima mmoja wa Moiben, ninapoiweka. Ana miaka themanini na mmoja. Alivaa koti la kanisani. Aliizunguka ndege mara mbili, mikono nyuma, akapinda shingo kuangalia chini ya mabawa, akaniuliza maswali ya kifundi, nikayajibu yote. Akasema ni kazi safi kuliko yoyote aliyowahi kuifanya. Nilifungua mlango wa kulia, nikaweka kistuli apandie. Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo tangu darasa la sita.

Alikiangalia kiti, akaweka mkono juu ya mlango, akaurudisha polepole bila kuubamiza.

"Hapana, Chebet," akasema. "Mimi nilitaka kurusha. Sikutaka kubebwa."

Hakuwa na hasira. Alilisema kama anavyotaja beringi iliyokufa, kisha akatembea hadi kwenye kiti cha plastiki alichowekewa kando ya ua, akaketi, akafunga vifungo vya koti kwa sababu ya upepo. Niliingia upande wa kushoto. Hewa ya nyanda zetu za juu ni nyepesi, injini hukimbia sana kabla magurudumu hayajaacha nyasi, na mkanda wa kiti ulioachwa wazi hupigapiga ukikutoa mawazo. Nikajinyoosha nikaufunga ule wa kiti cha pili, nikaukaza juu ya kiti kitupu, nikaanza kuikimbiza ndege kwenye nyasi.