Siku Ukoo Wetu Ulipofutika Ukutani

Hadi leo nikimwona mtu aliyekuwa ukumbini siku ile navuka barabara, na Ifakara yetu si kubwa kihivyo, kwa hiyo navuka sana.

Ilikuwa send-off ya dada yangu Felista, anaolewa na kijana wa Kisukuma, na mimi kwa kujifanya mtaalamu (nasomea kuandika programu, mwaka wa pili tu) nikamwambia baba aachane na karatasi yake ya utambulisho, majina ya ndugu yatatokea ukutani kwa projekta, yeye asome tu. Baba akaichana. Asubuhi nikamwonyesha orodha nzima, nimeipa jina "wote", pande zote mbili zimo, safi kabisa.

Sasa tuko ukumbini, eneo la Viwanja Sitini, wageni wameshakaa, shangazi Agripina akaniinamia: "Deo, usituchanganye na wakwe. Kila upande na orodha yake." Huyu ndiye aliyemlea Felista kule Kiberege tangu mama yetu alipofariki, na kitenge kipya alikishona ili wakwe wamjue. Nikamwambia dakika mbili tu, shangazi. Nikaandika wetu = wote, nikaandika wao = wote, nikajua tayari nina nakala mbili, kwenye wetu nikafuta wakwe, kwenye wao nikafuta sisi, programu ikahifadhi yenyewe, sikuangalia hata (haraka ya nini, sijui), nikampa MC ishara.

Baba akasimama, akakohoa, akageukia ukuta. UPANDE WA BIBI HARUSI, JUMLA 0. Nikabadilisha haraka. UPANDE WA BWANA HARUSI, JUMLA 0. Nikakimbilia ile ya kwanza, "wote", nayo sifuri! Nikatikisa waya, nikazima projekta, nikawasha, nikalaumu umeme. Nimefuta huku, kule kumefutikaje? Sikuelewa kitu.

Ikabidi baba ataje kwa kichwa, jasho linamtoka, akamtaja mpaka jirani anayetuletea samaki kutoka Kivukoni, halafu akasema, "Hao ndio ndugu zangu," akakaa. Shangazi alikuwa ameshanyanyuka nusu. Akarudi kukaa taratibu, anajifanya anarekebisha kitenge. Niliumia, jamani.

Felista ndiye aliyeacha kiti chake cha maua, akamshika shangazi mkono, akampeleka mwenyewe mpaka mbele ya wakwe. "Shikamooni," akasema. "Huyu ndiye mama yangu."

Kesho yake nikaenda kuomba radhi, nikamweleza shangazi kwamba orodha ilikuwa moja tu, mimi niliipa tu majina mengine mawili, "wetu" na "wao", nikadhani nimenakili. Nilitegemea aniulize kompyuta ni nini. Akanitazama.

"Mimi hapa naitwa shangazi, Kiberege naitwa Mama Kasiani. Ukimfukuza Mama Kasiani mezani, shangazi atakula?"

Miaka miwili darasani sikuwahi kuelewa hivyo. Siku hizi nikinakili orodha nafuta jina moja kwenye nakala, kisha naenda kuangalia ile ya kwanza kabla sijamsimamisha mzazi wa mtu. Na utambulisho wowote wa ukoo wetu naandika kwenye karatasi, kwa kalamu, naanza na shangazi.