Pembe Iliyogeuzwa Ndani

Shuka haikunjwi na mtu mmoja. Ukimwona mtu anakunja shuka peke yake, ama hana ndugu ama ana haraka, na kitakachotoka hapo kitafanana na uso wa mlevi aliyeamshwa. Shuka ina pembe nne, binadamu ana mikono miwili. Hapo hapahitaji shule.

Ndiyo sababu Pasi alifanya kazi miaka yote akitazamana na dada yake. Walikuwa madobi wa hospitali, katika chumba kirefu nyuma ya wodi, chenye boila inayokoroma kama mzee aliyeshiba, na mvuke unaobandua rangi ukutani kama ngozi ya nyoka. Jina la Pasi alipewa na wenzake, wala si kwa kunyoosha nguo tu. Ulimi wake ukipita mahali, pananyooka au panaungua. Dada yake hakuwa na jina la utani. Mtu mpole hatungiwi kitu. Wote walimwita "dada", hata waliomzidi umri.

Mkunjo wa pale ulikuwa mmoja. Kila mtu anashika pembe mbili, mnarudi nyuma hadi shuka ikaze, mnaikung'uta, kisha mnaendeana kama watu wanaotaka kupatana. Mmoja anakabidhi, mwenzake anapokea, aliyekabidhi anainama kuokota chini. Tena, na tena, hadi muhuri wa hospitali unabaki juu peke yake. Faida yake utaiona wodini: muuguzi huku kamshikilia mgonjwa, anaivuta shuka kwa mkono mmoja, anaikupua, inatua kitandani imefunguka yote. Isiyofunguka kwa mkupuo mmoja si shuka, ni tambara lenye muhuri.

Mama yao naye alikuwa dobi humo humo. Alipofika umri ambao wanawake huanza kusahau walikoweka miwani, akaacha kulala. Si ule usemi wa "leo sikulala" ambao mtu anausema huku anapiga miayo. Usingizi ulimhama, kama mpangaji anayeondoka bila kuaga. Akawa anatoka jasho kivulini. Mboni za macho zikasinyaa zikawa tundu za sindano. Majirani, kwa vile midomo hailipiwi kodi, wakasema kauza usingizi wake apate mali. Mali yenyewe hakuna aliyeiona; labda ilifichwa chini ya ule mkeka mmoja aliokuwa akikalia.

Watu wengi wanaogopa usiku. Katika familia hii kilichoogopwa ni adhuhuri. Jua likiwa utosini, kuku wamejikunyata, mama ameketi mlangoni macho wazi, mikono yake ilikuwa ikiinuka. Inashika pembe mbili za hewa. Inasubiri. Haimtazami mtu, ila inasubiri, hadi dada, msichana wa wakati huo, akaelewa. Akaenda upande wa pili, akashika pembe mbili za kitu kisichokuwepo, wakakunja. Pasi alikuwa mdogo. Alisimama na kikombe cha uji mkononi akaona jambo moja ambalo hakulisahau: kila walipokutana, kifundo cha mkono wa kushoto cha mama kilijipinda, kikageuza pembe moja kuiingiza ndani. Kabla ya ugonjwa mama hakuwahi kukunja hivyo hata siku moja.

Alikufa macho wazi. Baadaye akafuata mjomba, kinyozi. Yeye mchana kweupe alikuwa akinyoa vichwa ambavyo havikuwepo, anapuliza nywele shingoni mwa mtu asiyekuwepo, anasema, "Haya, umependeza. Mwingine." Na alikuwa akisogeza kiti kwa adabu, ili huyo mwingine akae.

Miaka ikapita, watu wakachoka kusimulia. Pasi akaolewa, akafiwa, akabaki na binti mmoja. Binti naye akaolewa mtaa wa pili, akapata mimba ya kwanza. Mambo yakawa kama mambo ya watu wengine.

Kisha asubuhi moja, kwenye meza ndefu ya kukunjia, dada akaja na pembe zake kama kawaida, na kifundo chake cha kushoto kikajipinda.

Pasi akaganda. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Mkono huo."

"Mkono una nini? Lete huko, tuna mlima wa nguo hapa."

"Dada. Jana ulilala?"

"Nilijinyoosha."

"Sikukuuliza kujinyoosha. Hata mti unajinyoosha. Ulilala?"

Dada akatabasamu, jasho likimtiririka shingoni, na boila ilikuwa mbali, upande mwingine wa chumba. "We Pasi, utazeeka kabla yangu kwa maswali." Akaipinda nyingine.

Sasa sikiliza jinsi jambo linavyotembea. Shuka yenye pembe iliyogeuzwa ndani inatuna upande mmoja. Ukiiweka juu ya shuka iliyokunjwa vizuri, inateleza. Ili lundo lisianguke, ya juu yake nayo lazima igeuzwe pembe, zipate kukumbatiana. Basi wanawake waliokaa jirani na dada, bila kuagizwa, bila hata kujua, wakaanza kupinda vifundo vyao. Haikutoka hasira wala amri. Mmoja alifuata lundo, mwingine akamfuata mmoja. Msimamizi wao, Bwana Funguo, aliyetembea akilia kiunoni kama mbuzi mwenye kengele, akafurahi.

"Malundo yamesimama wima siku hizi! Nani kagundua?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kimegunduliwa kitu.

Furaha yake haikufika mbali. Muuguzi mkuu alishuka kutoka wodini na shuka imeviringana mkononi, akaibwaga mezani. "Nakupua, haifunguki! Nakupua tena, inajifunga! Nyinyi mnanifulia shuka au mnanisukia kamba?" Akaishika, akaikupua mbele yao. Ilitoka muhuri wa hospitali, ilitoka sabuni, ilitoka weupe wa kuumiza macho. Kila kitu cha shuka kilikuwepo isipokuwa kazi yake.

Pasi ndiye aliyemshika dada mkono akampeleka kwa daktari wa ubongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia. Daktari akamulika macho ya dada, akauliza habari za mama, akauliza za mjomba. Aliposikia mjomba alikuwa akisogeza kiti, akaacha kuandika.

Walichukua damu ya dada, wakaipeleka mbali. Siku hiyo hiyo Pasi naye akatolewa yake, maana daktari alisema jambo hili likiwa kwa mzazi, kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu. Jibu la dada lilipofika, daktari alitoa bendeji nyembamba drooni, akainyoosha mezani, akaiachia. Ikajisokota yenyewe.

"Mwili umejaa nyuzi kama hii, ndogo kupita kuona. Zinaitwa protini. Kila uzi ni vipande vimeshikana mkia kwa kichwa, vinaitwa asidi amino. Aina zake ni ishirini tu, lakini mpangilio wake ndio unaoamua uzi utajikunja vipi. Na mkunjo ndio kazi. Wa kwenye damu umekunjwa ubebe hewa. Wa kwenye misuli, uvutike. Wa tumboni, ukate chakula kama mkasi. Ukikunjika vibaya, vipande ni vile vile, kazi hakuna."

"Ni tambara lenye muhuri," Pasi akasema.

"Sasa katika ukoo wenu, uzi mmoja wa kwenye ubongo una kipande kimoja kimekaa mahali pa kingine. Kimoja tu. Mtu anakua nao, anazaa nao, hana habari. Kisha siku moja uzi mmoja unajikunja visivyo. Unamgusa jirani yake mzima. Jirani naye anakunjika vile vile. Naye anamgusa wa pili."

Pasi aliona meza ndefu, vifundo vya mikono vikijipinda kimoja baada ya kingine, boila ikikoroma.

"Zinaanzia pale ubongo unapofungulia mlango wa usingizi," daktari akamaliza. "Mlango unaziba."

Dobi akisikia uchafu, fikra ya kwanza ni maji ya moto. "Hazichemshwi?" Pasi akauliza. "Wenzetu wanataka shuka alizogusa zichomwe."

"Wenzenu waache upuuzi, haiambukizi kwa shuka wala kwa mkono. Na kuchemsha? Protini nyingine ukizichemsha zinaharibika, kama ute wa yai. Hizi ukizichemsha unakuwa umeziogesha tu." Kisha akamgeukia. "Jibu lako na wewe lipo, mama."

"Likae huko huko."

"Siku utakayotaka—"

"Limekaa kwenye damu miaka yote halijanidai kiti. Likae."

Dada akacheka kicheko kidogo. Halafu mikono yake ikainuka pale kwenye kiti, ikashika pembe mbili za hewa.

Dada alipoacha kazi, Pasi alichukua likizo, akawa akienda kwake kila adhuhuri. Chumba kilikuwa kisafi, dirisha wazi, jua limelala sakafuni. Dada amekaa kitandani, macho wazi, hayupo. Mikono inakunja. Inafika kwenye kukabidhi, haipati wa kumkabidhi, inarudi mwanzo. Pasi alivumilia siku za kwanza. Kisha akavua viatu, akasimama upande wa pili, akashika.

Baadaye aliapa, na Pasi si mtu wa kuapa ovyo, kwamba ilikuwa nzito. Uzito wa shuka mbichi iliyotoka mashineni.

"Vuta," dada akasema, sauti ya kazini kabisa. "Umelegeza."

Pasi akavuta. Ikakaza.

Binti alimkuta hivyo, mama yake anarudi nyuma mikono mbele, hakuna kitu katikati. Alishika tumbo lake mlangoni. "Mama! Unafanya nini?"

"Namsaidia mama yako mkubwa. Kaa huko, usiingie katikati."

"Katikati ya nini?"

Walipotoka nje, binti alilia kwa hasira, ile ya mtu aliyekaa na neno muda mrefu. "Wewe hutaki kujua, sawa, damu ni yako. Na hii?" Akajipiga kifuani. "Na huyu?" Akaweka kiganja tumboni. "Kama wewe unayo, na mimi niulizie yangu. Kama huna, mimi nilale. Nataka kulala, mama. Tangu nipate huyu mtoto nikikosa usingizi kidogo tu nahesabu ni mimba au ni ukoo."

Pasi alikuwa na jibu la kila mtu, tangu Bwana Funguo hadi wauza nyanya. Hapo akasema tu, "Ngoja kwanza dada apumzike."

Dada alipumzika wiki ile, saa ya jua kali. Walikuwa wanakunja. Akaja na pembe zake, akapinda ile moja, akaiingiza ndani, akakabidhi. Kisha mikono ikashuka. Pasi akabaki amesimama, yake ikiwa juu imebeba kile alichopewa, hajui akiweke wapi.

Baada ya mazishi hakwenda nyumbani kubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari, akakaa bila kukaribishwa.

"Nipe."

Daktari akamtazama. "Huna."

"Rudia."

"Huna, mama. Uzi wako vipande vyote vimekaa mahali pake. Na usichokuwa nacho, binti yako hawezi kukirithi. Tena nilikirudia kipimo, kuhakikisha."

Pasi akacheka, akalia, akamshukuru, akamtukana kidogo kwa mazoea. Njiani alipita chumba cha kufulia kuchukua kikombe chake na cha dada. Madobi walikuwa mezani. Mwanamke mgeni, aliyeajiriwa mahali pa dada na ambaye dada hakumwona hata kwa mbali, alikuwa anakunja. Kifundo chake cha kushoto kikajipinda, pembe ikaingia ndani.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Ndivyo zinavyokunjwa hapa, shangazi," mgeni akasema, akishangaa kuulizwa. Meza nzima ilikuwa inafanya hivyo. Malundo yamesimama wima, safi, meupe, hadi mwisho wa chumba.

Alikwenda kwa binti karibu mbio. Alimkuta sebuleni, miguu imevimba, ametandaza vitambaa vya mtoto atakayekuja. "Huna kitu," Pasi akasema kabla ya salamu. "Mimi sina, wewe huna, huyo hana. Lala mwanangu, lala hadi uchoke kulala!"

Wakakumbatiana hadi tumbo likawa kikwazo, wakacheka. Binti akajifuta macho na kitambaa kilichokuwa karibu, kisha, kama mtu anayeweka mambo sawa, akakikunja. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mkono wa kushoto ukajipinda.

Kicheko cha Pasi kikakatika. Binti huyu hakuwahi kukanyaga kule kwenye boila. Na siku ile mlangoni aliona kurudi nyuma tu, mkunjo wenyewe hakuuona.

"Nani kakufundisha kukunja hivyo?"

"Mama nawe. Si wewe?"

"Mimi sikunji hivyo. Mimi sijawahi kukunja hivyo. Leta, nikuonyeshe."

Akachukua shuka ndogo ya mtoto, akaifungua yote, akaikung'uta, akamwambia binti ashike upande wa pili. Wakarudi nyuma hadi ikakaza. Jua lilikuwa dirishani, adhuhuri kamili. Pasi akaitazama mikono yake kama mtu anayemtazama mwizi anayemjua, asibandue macho, akaenda mbele polepole, akapokea.

"Hivi," akasema.

"Ndivyo nilivyofanya," binti akasema.

Pasi akainamisha macho. Pembe ilikuwa imeshaingia ndani.